Shimo Kando ya Kinu

Juzi nilikwenda hospitali Korogwe kumtazama mjukuu wangu, binti wa darasa la tano. Nilimkuta katikati ya vyuma viwili, anafundishwa kusimama kama mtoto anayeanza dede. Sikulia. Nilicheka, mama yake akaninunia. Ngoja nikueleze nilichokuwa nakiona.

Yalianza mafua tu, na kikohozi na homa. Yakaisha, tukasahau. Halafu ganzi ikamshika vidole vya miguu, ikapanda magotini, mpaka asubuhi moja akashindwa kushuka kitandani. Daktari alisema mwili ulipokuwa unapigana na virusi vya mafua ulikosea adui, ukaipiga mishipa yake wenyewe ya fahamu. Wengi hurudi, alisema, ila polepole. Jirani yangu pale Chanika akaja na lake: "Bibi, shukuruni uhai, mtafutieni kiti cha magurudumu." Nikamwambia kiti akitafute, akikalie yeye.

Maana mimi huyu, nikiwa mtoto kule Kwamsisi, miguu iliwahi kunikataa. Mafua yalipita nyumba nzima, wenzangu wakaamka, mimi nikabaki mkekani na miguu kama ya kuazima. Watu wakasema nimekanyaga dawa ya mtu njiani. Mganga akaja, akala kuku wetu, akaondoka na miguu yake mizima. Yangu bado.

Ndipo bibi yangu akachimba shimo kando ya kinu, akanisimamisha humo, akanifukia mpaka kiunoni, kama wanavyofanyiwa watoto wanaochelewa kutembea. Mimi binti mkubwa, watoto wenzangu wananichungulia uani. Udongo ulikuwa na joto la jua. Akanipa mchi mwepesi, tukatwanga makopa ya kusongea bada, ugali wetu wa muhogo, yeye na mimi kwa kupokezana, vumbi la muhogo likinijaa kwenye kope, huku mlenda ukitokota jikoni. Nikilegea tu ananisema: "Mke mwenza, twanga. Mume wetu akikosa bada leo utamweleza mwenyewe." Mume wetu ni babu, amekaa pale anasuka mkeka, anajifanya hasikii.

Siku za shimo zilikuwa nyingi. Miguu iliporudi, nilijikongoja na mchi mkono mmoja, bakuli la bada mkono wa pili, mpaka kwa babu. Mlenda ulimwagika wote. Alikula bada kavu hivyo hivyo.

Daktari hakulisifia shimo langu. Anasema ni muda na mazoezi. Sawa, hatugombani. Lakini kulala na kungoja hakunisimamisha.

Kinu kile kilipasuliwa kuni. Makopa sasa yanapelekwa mashine, yanarudi unga, hakuna anayempokea mwenzake pigo. Ua wenyewe umejengwa nyumba ya bati. Bibi hayupo, babu hayupo, na mume wangu naye nimemzika. Kilichobaki ni mchi, ndio ninaotembelea sasa uzeeni, na ndio niliosimama nao mwisho wa vile vyuma.

"Mke mwenza," nikamwita mjukuu wangu, "njoo. Mume wetu ana njaa."

Jasho lilikuwa linamtiririka. "Mume wetu si alikufa, bibi?"

"Ndiyo maana nataka mtu wa kutwanga naye."

Akaniangalia kwa hasira, kisha akaachia chuma kimoja, akanyoosha mkono kuufuata mchi.