Jenereta Chini ya Turubai

Kwaya yetu ilikuwa na desturi moja ambayo mimi nilijivunia kuliko waimbaji wenyewe: hatukufika mwaloni, pale boti zinapoegesha, kimya. Kila tulipovuka Ziwa George kutoka Kasenyi kwenda kuhubiri ng'ambo, spika ilifungwa mbele ya boti, jenereta ikanguruma nyuma, na watu wa huko wakatusikia kabla hawajatuona. Fundi wa vyombo nilikuwa mimi. Baba yangu alikuja Kasese kutoka Kenya kufanya kazi ya saruji, akanifundisha nyaya na mashine, na kwa sababu hiyo nilijiona najua kila kitu kinachotumia petroli. Mtu aliyethubutu kunishauri kuhusu jenereta yangu nilimjibu vibaya.

Asubuhi ile tulikuwa watu kumi na wanane hivi. Mke wangu alikuwa miongoni mwao, miezi mitano tu tangu tufunge ndoa. Alilelewa katika kanisa la watu watulivu wanaosali wamekaa, na kwetu watu husali mpaka wakaanguka chini. Yeye hakuwahi kuanguka. Wenzake wa kwaya walikuwa wameanza kunong'ona, eti mke wa fundi ana moyo mgumu, na maneno hayo yalinichoma mimi kuliko yeye. Kila siku niliomba aguswe na Roho. Safari ile tulikuwa tumefunga tangu jana yake, bila chakula, maji kidogo tu.

Katikati ya ziwa mvua ikatukuta, ikija na upepo kutoka nyuma. Tukavuta turubai kutoka ubavu mmoja wa boti mpaka wa pili, tukaingia chini yake wote, isipokuwa nahodha kwenye injini yake na mwanajeshi mmoja aliyeomba lifti, ambaye alibaki mbele kabisa na koti lake la mvua. Jenereta ilikuwa inaloa. Kuizima sikutaka. Ilikuwa ya kisirani ile. Plagi ikishalowa unavuta kamba mpaka bega liteguke. Nikaivutia na yenyewe ndani ya turubai huku inawaka, nikaacha uwazi wa kama viganja viwili upande wa bomba la moshi. Nilitazama kama kuna moshi unaorudi ndani, sikuona kitu, nikaridhika.

Tukaendelea kuimba. Baada ya muda mke wangu, aliyekaa karibu na jenereta ili awe karibu na mimi, akaniinamia akasema kichwa kinamgonga na miguu haina nguvu. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinaniuma. Nikamwambia ni njaa ya mfungo, avumilie. Nilisema kwa ukali, kwa sababu nilidhani anatafuta ruhusa ya kula. Kisha nikatoa kichwa na mabega nje kushika kona ya turubai iliyokuwa inapigwa na upepo, nikakaa hivyo kwa muda wa nyimbo mbili au tatu. Hewa ile ya nje ndiyo iliyoniachia akili zangu, ingawa wakati huo nilichojua ni kwamba naloa.

Niliporudi ndani, mke wangu alikuwa chini.

Alilala ubavu kwenye mbao za sakafu, mdomo wazi. Aliyemwona kwanza ni mama mwombezi wetu, mama wa Mpondwe, kule mpakani, tuliyemheshimu wote, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. Nikasogea kumwinua mke wangu. Mama akanizuia kwa mkono.

"Musimuguse," alisema. "Roho iko natumika, iko nafanya kazi ndani yake. Muache amalize."

Kwetu aliyeanguka katika maombi haguswi. Hufunikwa leso, yaani kanga, miguuni, kwa heshima, basi. Mama akanipa leso. Nikapiga goti nikamfunika, nikaitandaza vizuri mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nitasema wazi, kwa sababu kuficha hakunisaidii: nilifurahi. Nilitabasamu pale chini, nikawaza kwamba sasa wanaonong'ona watanyamaza. Jenereta ilikuwa inanguruma hatua mbili kutoka kichwani kwake.

Mwimbaji wa pili akaanguka, na mama akapaza sauti ya kushukuru. Wa tatu alitapika kwanza, na mtu mmoja akasema ni pepo linatoka. Wimbo ulikuwa umepungua mpaka zimebaki sauti nne au tano. Waliobaki walikuwa wameinamisha vichwa, nami nikadhani wanaomba. Hata hivyo niliinama kusikiliza pumzi ya mke wangu na sikusikia chochote kwa kelele za mashine. Na bado sikuizima. Nilitazama uso wa mama mwombezi, nikaona haogopi, nikajiambia kwamba imani yangu ndiyo ndogo.

Yule mwanajeshi alikuwa mbele, karibu na spika, na alisikia sauti zinakufa moja moja. Akafunua turubai akatutazama.

"Zima hiyo mashini."

Nikamwambia, afande, watu wako kwenye maombi. Hakubishana nami. Alipita juu ya magoti ya watu, akakata kamba za turubai kwa kisu, upepo ukalibeba mpaka majini.

"Nimesema zima. Hiyo hapana Roho, iko moshi ya jenereta. Kambini iliua watu yangu wawili ndani ya stoo, na mlango ilikuwa wazi."

Nikazima. Afande akamshika mke wangu makwapani, akamburuta mpaka mbele, akamwelekeza uso kwenye upepo. Akaamuru kila mwenye nguvu amwinue mwenzake kutoka sakafuni, na mama mwombezi alikuwa wa kwanza kutii; kwa hilo lazima nimsifu. Mimi nilimpigapiga mke wangu mashavu nikimwita. Mvua ilimwingia mdomoni na hakuufunga. Afande aliweka sikio puani mwake, akasema anavuta hewa, lakini kidogo. Simu hazikuwa na mtandao. Kasenyi ilikuwa karibu kuliko ng'ambo, basi nahodha akageuza boti na kufungua injini mpaka mwisho, na njia yote nilirudia neno moja tu, usife, usife, kama mtu asiyejua maombi mengine.

Pikapu ya wachuuzi wa samaki ilitupeleka hospitali. Wale waimbaji wawili walioanguka baada ya mke wangu walizinduka njiani. Yeye aliwekewa oksijeni, na muuguzi akanieleza kwamba gesi ile ya jenereta haina rangi wala harufu, hujikusanya chini ya turubai hata kama boti iko wazi pande nyingine, na uwazi wangu wa viganja viwili haukuwa na maana yoyote. Maumivu ya kichwa na miguu kuisha nguvu, alisema, ndiyo dalili za kumtoa mtu nje mara moja. Aliongea kwa upole. Afadhali angenigombeza.

Jioni mke wangu alifumbua macho, na kesho yake aliweza kuongea. Nilimwambia yote: jenereta, ukali wangu, leso, hata ile furaha. Nilitaka asikie kutoka kwangu kabla ya mtu mwingine. Kisha akaniambia kwamba alipoanguka akili ilikuwa bado ipo. Mikono na miguu ndiyo iliyokataa. Alisikia wimbo wote.

"Nilikuona unakuja," alisema. "Nikajua sasa nimepona. Nikakuita, sauti ikakataa kutoka. Ukanifunika, ukatabasamu."