Lampu Iliyogeuka Nyeupe

Sauti niliyokuwa naitafuta ilikaa kwenye namba tisa, na mimi niliishi kwenye namba mbili.

Amplifaya yangu ilikuwa redio ya zamani ya lampu, sanduku la mbao lenye kioo mbele, na kwenye kioo yameandikwa majina ya miji: London, Paris, Roma, Brussels. Fundi redio wa mtaa wetu wa Gikondo alinisaidia kuondoa sehemu ya kunasa mawimbi na kuacha sehemu ya kukuza sauti peke yake. Nilichomeka gitaa nyuma, lampu zake, vile vichupa vya kioo vya ndani vinavyokuza sauti, zikapata moto polepole mpaka zikawa na rangi ya kaa la mkaa, na gitaa likatoa sauti. Lakini ilikuwa sauti ya magitaa yote ya bendi za Kigali wakati ule, safi na nyembamba. Mimi nilitaka ile ya kwenye kaseti.

Kaseti yenyewe ilikuwa ya Mwingereza mmoja aliyekaa Kimihurura. Alileta redio-kaseti yake kwa fundi itengenezwe, kisha vita vikaanza mpakani, Wazungu wengi wakaondoka, na yeye hakurudi kuichukua. Ndani yake kulikuwa na kaseti isiyo na maandishi. Nilikuwa nafanya kazi gereji ya jirani, nikichaji betri za magari, na saa ya mapumziko nilikwenda kukaa kwenye benchi ya fundi. Alikuwa mzee Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani na shehena ya vitambaa, na kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani, si ya sokoni tu.

Aliposikia gitaa lile mara ya kwanza aliinamia spika akiwa na bisibisi.

"Hii imepasuka," akasema, akaweka spika nyingine. Gitaa likaendelea kunguruma vilevile. Akaweka bisibisi chini. "Basi aliyepasuka ni mpigaji."

Mimi sikucheka. Lilikuwa gitaa linalonguruma bila kuchafuka. Likipigwa kwa nguvu lilikwaruza kama mtu aliyelia sana, likipigwa taratibu lilirudi kuwa safi, na noti moja iliweza kukaa hewani mpaka ukajisahau. Nilimwuliza fundi linafanywaje. Alifikiria siku mbili, akanijibu kwamba ni lampu. Ukizisukuma mpaka mwisho wa nguvu zake zinachoka, na kuchoka kwake ndiko kunakotoa ile sauti.

"Kwa hiyo ongeza," akasema. "Fungua kitufe cha sauti mpaka tisa."

Hilo ndilo nisiloweza. Mwaka ule wa tisini na mbili hakuna aliyetaka kusikika. Niliishi na dada yangu mkubwa, mshonaji, katika chumba na nusu, na ukuta mmoja tulikuwa tunashiriki na jirani. Mume wa dada alichukuliwa mwezi ule vita vilipoanza, kwa sababu ya barua iliyotoka kwa ndugu zake Bujumbura. Watu walioshukiwa kuwasaidia waasi waliitwa ibyitso, yaani washirika wa adui, na neno hilo likishakuangukia halikutoka. Alikaa ndani miezi mitano, na alipotoka hakukaa Kigali hata wiki moja. Tangu hapo dada alipunguza sauti ya kila kitu. Hata sufuria aliiweka chini kwa mikono miwili.

Isitoshe, mimi ni mtu wa haya. Sikuwahi kupiga gitaa mbele ya mtu yeyote. Nililipiga dada akiwa kwenye cherehani, kelele ya cherehani ikinifunika, na ikisimama nami nilisimama.

Fundi alipoona siwezi kuongeza sauti, alinichorea njia nyingine: pedali, kisanduku cha transista mbili cha kuweka katikati ya gitaa na amplifaya, kitakachoichosha sauti kabla haijafika kwenye lampu. Hapo hata kwenye namba mbili ingekwaruza.

"Lakini kiweke ndani ya bati," alisema. "Bati ni ukuta. Usipoweka ukuta, kila kinachopita hewani kitaingia."

Bati lilitaka kutobolewa kwa nyundo na msumari. Nikafikiria jirani akisikia nyundo, akiuliza tunagongagonga nini. Nikachukua kisanduku cha plastiki cha sabuni cha dada, chenye kifuniko, nikakitoboa kwa msumari wa moto bila kelele yoyote. Waya niliotumia ulikuwa wa taa, mrefu, ule uliokuwepo. Mara ya kwanza nilipokikanyaga kwa mguu, gitaa lilikwaruza. Haikuwa sauti ya kaseti, ilikuwa kama nyuki ndani ya chupa, lakini ilikuwa ndugu yake. Nilifurahi siku tatu.

Siku ya nne, alasiri, nilikuwa nimeshika gitaa bila kulipiga. Kutoka kwenye sanduku mwanamume akaanza kuzungumza. Alisoma matangazo ya vifo, taratibu na wazi kabisa: fulani amefariki, mazishi ni kesho. Ilikuwa redio ya taifa, imeingia kwenye plastiki kama fundi alivyoonya. Cherehani ya dada ilinyamaza. Nilichomoa waya, lakini nilichelewa. Yule mtu alimaliza marehemu wawili kabla hajakatika.

Asubuhi yake jirani yetu, mama wa upande wa pili wa ukuta, alinikuta bombani.

"Mmepata redio," akasema.

"Hapana, mama."

Nilisema kweli, na ndiyo iliyoniharibia. Ningesema ndiyo, ingekuwa redio tu. Yeye alijua redio yetu ilifunguliwa kwa fundi ikafanywa ya gitaa, na sasa alijua pia kwamba ndani ya nyumba isiyo na redio kuna mwanamume anaongea. Alinitazama, akajitwika ndoo, akaenda zake.

Jumamosi tulikuwa kwenye umuganda, kazi ya lazima ya pamoja, mtaa mzima tukizibua mtaro. Kazi ilipoisha watu walisimama kusikiliza matangazo kama kawaida. Nyumbakumi wetu, aliyehesabu nyumba kumi na kila aliyelala ndani yake, alimaliza habari za takataka, kisha akaja mpaka niliposimama. Nyuma yake alikuwa askari kijana mwenye bunduki. Nyumbakumi aliwahi kuwa tandiboi wa malori ya Mombasa na alipenda kunisemesha Kiswahili cha barabarani.

"Kijana, twende nione hiyo kitu yako."

Dada alitutangulia. Nilidhani anakimbilia kufungua mlango. Tulipoingia, waya wa katikati ulikuwa umechomolewa na pedali haikuwepo sakafuni. Niliitafuta kwa macho mpaka nikaiona kando ya beseni la maji. Juu yake dada alikuwa ameweka kipande cha sabuni.

Askari aliinama mbele ya kioo. "London," akasoma. "Paris. Unaongea na London?"

Neno afande lilinijia mdomoni nikalimeza. Lilikuwa neno la madereva wa Uganda, na waasi walitoka upande huo. "Hapana, shefu. Ni ya gitaa."

"Watu wamesikia mtu anaongea humu," nyumbakumi alisema. "Na wewe mwenyewe umesema redio hakuna. Sasa huyo mtu iko wapi?"

Nikamtazama mikono. Mikono yake ilikuwa na tope la mtaro. Akageuka akaliona beseni, akachutama, akanyanyua sabuni. Alinawa polepole, kila kidole, na kile kisanduku kilikuwa mbele ya macho yake, na matundu yake mawili ya msumari. Dada alikuwa amesimama na taulo. Sikumwona akipumua. Nyumbakumi akairudisha sabuni palepale, akapokea taulo.

"Piga basi," askari alisema.

Nikachomeka gitaa moja kwa moja kwenye sanduku. Lampu zilichukua muda kupata moto, na wote tulizingoja kama tunangoja chai. Kisha nikapiga, namba mbili, kichwa chini.

"Huyo ni mbu," askari akasema. "Aliyesikika mpaka kwa jirani hakuwa mbu. Ongeza."

Nikaweka nne.

"Ongeza."

Sita. Mlangoni watoto walikuwa wamejaa, na nyuma yao mama wa upande wa pili wa ukuta. Nilitamani sakafu inifunike.

"Nimesema ongeza."

Nikafungua mpaka tisa na kupiga nyuzi zote kwa mara moja, kwa sababu mkono ulikuwa mzito kwa hofu. Lile sanduku la mbao likanguruma. Vikombe vya dada vililia kwenye kabati. Nikapiga uzi mmoja, ukakwaruza, nikalegeza mkono, ukasafika, nikaushikilia na haukuondoka. Ilikuwa ndiyo. Ilikuwa sauti ya kaseti yenyewe, haina nyuki ndani yake, nene, na kidole changu tu ndicho kilichoamua ichafuke au isichafuke. Nilikuwa nimeitafuta karibu mwaka mzima. Niliisikia nikiwa nimetazama kiatu cha askari, nikisubiri kujua kama ni mimi tu nitakayechukuliwa au na dada pia.

Nikaacha kupiga. Askari alikuwa anatikisa kichwa.

"Spika yako imepasuka," akasema.

"Ndiyo, shefu."

"Imepasuka lakini ina nguvu," nyumbakumi akasema. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilinitisha kuliko swali lake. "Kumbe tuna mwanamuziki na hatujui. Jumapili ya wiki ijayo chama kina mkutano. Vijana wanataka kitu ya kelele. Utakuja na hii."

Wakatoka. Hakuna aliyetafuta zaidi. Dada alikaa kwenye kiti cha cherehani akakunja taulo lenye tope mara nne.

Vijana wa chama aliowasema nilikuwa nawajua. Walipita barabarani na fimbo, na nyimbo zao zilitaja watu. Mikutano ikiisha walirudi wakipiga mawe kwenye mabati ya nyumba fulani, na mara mbili lilikuwa bati letu. Nikienda, gitaa langu litakuwa mbele ya nyimbo hizo, kwa namba tisa. Nisipoenda, nyumbakumi atakumbuka yule mwanamume aliyeongea, ambaye bado hajapatiwa maelezo. Kwa siku nne nilikwenda gereji nikachaji betri, nikamwagia moja asidi mpaka ikachuruzika kwenye viatu vyangu.

Ni dada aliyesema. Alikuwa anapachika sindano, hakunitazama.

"Wewe ukikataa, ni wewe umekataa. Sanduku likikataa, watamwuliza nani?"

Alhamisi mchana nikaazima tupa ndogo kwa fundi. Sikumwambia ya nini. Nikachomoa lampu kubwa, ile ya mwisho, ile inayochoka vizuri. Juu, ndani ya kioo, ilikuwa na doa la fedha linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Dada akaanza kukanyaga cherehani bila kitambaa. Nikakata ncha ya kioo kwa tupa. Hewa iliingia kwa sauti ndogo, kama mtu anayevuta mate, na doa la fedha likageuka jeupe mbele ya macho yangu, jeupe kama maziwa. Nikairudisha mahali pake.

Jumamosi nilimwambia nyumbakumi kwamba sanduku limekufa. Nilimwambia kwa sauti ndogo, lakini yeye alinizoea kwa sauti hiyo. Hakuamini. Akanibebesha sanduku mpaka kwa fundi.

"Mzee, tazama hii. Kesho iko na kazi."

Fundi aliwasha, akangoja, akazima. Akaitoa ile lampu kubwa akaipandisha kwenye mwanga wa mlango. Aliona weupe. Kisha akaigeuza, na nikaona kidole chake gumba kikipita pale kwenye ncha iliyokatwa, kikaenda, kikarudi. Alijua. Hakuna fundi wa lampu asiyejua. Nilitazama chini, nikisubiri.

"Imevuta hewa," akasema. "Kioo cha zamani kinachoka. Zinakufa hivihivi, zenyewe."

"Weka nyingine."

"Nyingine iko Ulaya, bwana wangu. Hizi waliacha kuzitengeneza mimi nikiwa na nywele."

Nyumbakumi alitukana kidogo, si sisi, lampu. Akaenda zake akitafuta ngoma. Fundi alisubiri mpaka alipopita kona, akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Tupa yangu."

Nikamrudishia. Akaipuliza vumbi la kioo, akaiweka mfukoni badala ya kwenye sanduku la vyombo, na akarudi kwenye kazi yake. Hatukuzungumza tena habari hiyo, yeye wala mimi.

Zile transista dada alizitupa chooni. Kisanduku alikiosha na kukirudisha kando ya beseni, na sabuni yake ndani. Alisema matundu yale mawili yamefanya vizuri, maji hayatuami, sabuni haiyeyuki ovyo. Nilinawa kwa sabuni hiyo kila asubuhi, na kila nilipoinyanyua nilisikiliza kwanza kama yule mwanamume bado anaongea.