Jina Jepesi Kuandika

Mama yangu alitengwa na kijiji wakati mimi nauza wali kwenye machimbo ya Bugarama. Habari niliipata kwa mchuuzi wa mitumba, huku akikwangua sahani yangu. "Yule bibi mwenye macho mekundu kule kwenu," alisema, wala hajui anamwambia nani. "Wamempigia kura. Hata moto hapewi." Nilimnyang'anya sahani kabla hajamaliza, na kesho yake nilipanda basi la Kahama.

Hiyo kura niieleze, maana watu wa mbali hudhani nawatania. Miaka ya tisini ilipoanza, kwetu Usukumani, walinzi wa kijiji waliwaita watu wazima wote, kila mmoja akapewa kipande cha karatasi aandike jina la anayemdhania mchawi. Siri kabisa, walisema. Siri gani, jamani, na nusu ya kijiji hawajui kushika kalamu? Asiyejua kuandika alimnong'oneza katibu, katibu akamwandikia. Na katibu alikuwa baba yangu mdogo, aliyekuwa akiyamezea mate majaruba yetu ya mpunga tangu baba afe. Sina ushahidi kwamba aliandika alichotaka mwenyewe. Wala siuhitaji.

Macho ya mama yalikuwa mekundu kwa moshi tu. Miti imekwisha, wanawake wanapikia mavi makavu ya ng'ombe, wote macho ni hayo hayo. Lakini mama alikuwa mjane, mkali, na hakuzoea kumchekea mtu. Wakamchagua.

Nilipofika nilimkuta uani anapuliza majivu. Nikasema, "Shikamoo mama." Akageuka nyuma kutazama namsalimia nani. Miezi mitatu alikuwa hajasikia salamu. Aliyemsemesha alitozwa mbuzi. Ni watoto wa kuzaa tu walioruhusiwa, na sisi watoto wote tulikuwa machimboni. Moto ukimzimikia alitafuna michembe, vile viazi vya kukausha, hadi fizi zikatoka damu. Mtu mmoja tu ndiye aliyemkumbuka, jirani yetu, mjane asiye na mtoto. Huyo alikuwa akimsukumia kaa la moto kwa kijiti kupitia chini ya ua wa minyaa, kimya kimya, ili akiulizwa aape kwamba hawajasemezana.

Kura ya pili ilikuwa baada ya mavuno. Anayeongoza mara mbili anafukuzwa, na mwanamke aliyefukuzwa kwa uchawi hakuwa anafika mbali. Walikuwa wanakutwa njiani, wamekatwa mapanga. Nikamwambia mama twende Bugarama. Akasema, "Nikiondoka nimekubali." Nilimtukana, Mungu anisamehe, nikamwambia basi kaa ufe. Akaendelea kupuliza majivu.

Ndipo nikapata akili. Wanawake wakiandika wenyewe, baba mdogo atamwandikia nani? Mimi nilikuwa na darasa la saba langu. Nikaenda kwa mratibu wa elimu wa kata, akanipa chaki na ubao uliopasuka, akafurahi kweli kweli. Alikuwa na ripoti ya kujaza. Kaka zangu walituma madaftari kutoka machimboni. Tukaanza ngumbaru ndani ya ghala la pamba, saa tisa alasiri, wanawake wakinung'unika kwamba hawatakaa na mchawi. Mratibu akawaambia darasa la serikali halimtengi mtu. Wakakaa, wamempa mama mgongo. Jirani peke yake ndiye aliyekaa naye mkeka mmoja.

Sasa sikilizeni tatizo. Sisi Wasukuma na herufi R na L hatupatani. Mtu anasema "kula" akikusudia kura, anasema "mwarimu" akiniita mimi, na anaandika hivyo hivyo anavyosema. Jina la mama lilikuwa na R na L zote mbili, utadhani lilitungwa kututesa. Majina ya karibu kila mwanamke mle ghalani yalikuwa na moja au nyingine. Isipokuwa la jirani. Lake lilikuwa silabi mbili, nyepesi, hata mlevi angeliandika. Kwa hiyo siku ya kwanza niliandika jina lake ubaoni liwe mfano wa darasa, na yeye akapiga kigelegele. "Mnaniona? Mimi ndiye somo!" Tulicheka sana. Kila siku walianza kwa kuliandika hilo, wakimaliza ndipo wajaribu mengine. Mengine yaliwashinda. Wiki zikapita, wakawa wanaandika jina la jirani kama wanavyopepeta mpunga, bila kutazama.

Sikupanga. Hilo naliapia. Lakini wiki ya mwisho, kura ilipotangazwa, nilikaa na mama tukichambua mboga, akaniuliza, "Wanawake wako wanajua kuandika nini?"

"Wanajua jina moja," nilimwambia.

Alichambua majani mawili, matatu. Akasema, "Basi usifute ubao."

Ningeweza kuwafundisha jina jingine. Zilibaki siku nne. Ningeweza hata kumwambia jirani mwenyewe, na nilimwona kila siku, anakuja wa kwanza, anafagia ghala bila kuombwa. Nilifundisha jina lile lile siku zote nne. Nataka ijulikane kwamba nilikuwa na akili zangu timamu.

Kura ilipigwa mle mle ghalani, kwa kuwa ndipo palipokuwa na kivuli. Baba mdogo alipoambiwa kila mtu ataandika mwenyewe, alicheka kwa dharau. "Haya, wasomi. Kura isiyosomeka imeharibika. Na asiyeandika jina lolote, huyo anamficha mchawi." Wanawake wakaangaliana. Wakashikwa na woga wa karatasi tupu. Kisha mmoja mmoja wakainua macho, ubao ukawa mbele yao, wakaandika.

Wala hawakumchukia. Hilo ndilo linalonikera hadi leo, kwamba hawakumchukia hata kidogo. Waliandika walichojua.

Baba mdogo akaanza kusoma kwa sauti. Karatasi ya kwanza ilikuwa na jina la jirani. Na yeye, maskini, alizoea kwamba mle ghalani jina likitajwa ni mahudhurio. Akanyoosha mkono akaitika, "Nipo!" Watu wakaangua kicheko. Ya pili, yeye tena. "Nipo, mwarimu!" Akanitazama mimi, meno yote nje. Ya tatu, aliitika kwa sauti ndogo. Ya nne hakuitika.

La mama lilijitokeza mara kadhaa, limeandikwa na wanaume, R imekaa pa L na L imekaa pa R, halikuwa jina la mtu yeyote aliye hai. Baba mdogo alitaka kulihesabu. Watu wakampigia kelele, sheria umeitunga mwenyewe, akalitupa kwenye rundo la kuharibika. Nilifurahi, nisiwadanganye. Nilifurahi hadi nikahisi njaa. Kisha akainua karatasi moja yenye mwandiko mzuri kuliko yote, herufi zimesimama wima, nikajua ni ya jirani mwenyewe. Alipewa karatasi akaandika jina lake, kama nilivyomfundisha. Iliyofuata, yenye jina lile lile, ilikuwa ya mama. Mwandiko wake niliujua pia.

Jirani akatengwa siku hiyo hiyo, mama akarudishwa. Wanawake waliompa mgongo miezi yote walikuja nyumbani na moto, na chumvi, na maziwa, mmoja akamletea kuku. "Mwadila, mayu," walimwamkia, mama akawaitikia kama mtu aliyetoka safari. Nilimuuliza, mara moja tu, kama hamwonei huruma jirani. "Namwonea," alisema. "Lakini afadhali yeye." Hakuwahi kumsukumia kaa la moto. Alisema faini ya mbuzi ni kubwa.

Siku ya tatu tulikuwa lamboni tunachota maji, mama, mimi na wanawake wengine. Jirani akatokea na ndoo yake. Wote wakanyamaza, wakainuka, wakaanza kuondoka, na mama akiwa mbele yao. Mimi ndoo yangu ilikuwa haijajaa. Jirani alisimama hatua chache kutoka kwangu, akatoa daftari alilolichomeka kiunoni kwenye kanga, akalifungua ukurasa wenye jina lake, mistari kumi, safi kabisa.

"Mwarimu," aliniambia, "najua huruhusiwi kunijibu. Nitazamie tu. Wapi nilikosea helufi, hadi likasomeka baya?"

Nilitazama. Hakukosea hata moja. Nikajitwika ndoo nikamfuata mama.