Mkebe wa Jivu

Mwisho wa majira ya baridi hapa Crystal, mji mdogo wa Marekani, una raha zake ndogondogo. Theluji inayeyuka mchana, jua linaingia jikoni mapema, na chai inanyweka polepole dirishani. Mama yangu alizipenda siku hizo kuliko mimi. Machi ikianza alijaza udongo kwenye vikopo vya mtindi, akavipanga juu ya hita, akapanda managu, mboga ya majani ya kwetu. Mbegu zilitoka shambani kwa mama yake, na kila msimu alivuna nyingine. Tulipokula mboga hizo alijigamba kwamba Marekani haijamshinda.

Alipoanza kuumwa aliniambia, "Machi ikifika, usinisubiri. Panda." Alifariki baada ya Krismasi. Tulimpeleka akazikwa nyumbani, nami nikarudi kazini kuwaogesha wazee wa watu wengine.

Tangu hapo nyumba haijanyamaza. Asubuhi nasikia ndara zake zikiburuta ukumbini. Najua ni mabomba ya hita. Hata hivyo huwa naitika.

Jumamosi moja ya Machi, ngazi za mbele ziliganda barafu. Chumvi ilikuwa imeisha, na mimi sina subira na barafu. Chini ya sinki nikaona mkebe wa majani ya chai umejaa jivu. Majirani hapa humwaga jivu ngazini ili miguu ishike. Nikamwaga lote, kutoka kizingiti mpaka njiani, nikalikanyaga vizuri, nikajisifu.

Binti yangu wa miaka tisa, aliyemwita bibi yake shosho, alikuwa amesimama mlangoni na soksi tu miguuni.

"Mum, hizo zilikuwa seeds za shosho."

"Seeds gani?"

"Za managu. Tulizi-mix na yeye, ndio wadudu wasizikule."

Nilijua. Hilo ndilo lililoniuma. Kwetu mbegu huhifadhiwa kwenye jivu, nimeona hivyo tangu utotoni, lakini miaka kumi na minne ya huku imenifundisha kuona jivu na kufikiria barafu. Majuto ni mjukuu.

Tulipiga magoti na vijiko na beseni. Tulikwangua jivu, barafu na mchanga mpaka vidole vikafa ganzi, mimi nikilia na kumgombeza mtoto ambaye hakukosa lolote. Mbegu ya managu ni ndogo mno, huwezi kuitafuta kwa macho. Tukachuja maji meusi kwa kitambaa, na matope yaliyobaki tukayapanda kwenye vikopo vya Mama.

Ni wiki tatu sasa. Vikopo kumi na kimoja ni udongo mtupu. Katika cha kumi na mbili kimechomoza kitu cha kijani chenye majani mawili, na sijui kama ni managu au gugu la hapa. Naogopa hata kukigusa.

Leo asubuhi ndara ziliburuta ukumbini, zikafika jikoni, zikasimama nyuma yangu. Sikugeuka.

"Nimepanda, Mama," nikasema. "Lakini nilikukanyaga kwanza."