Mizani ya Samaki Mlangoni kwa Mama

Niliporudi kutoka Ulaya, miaka michache baada ya Uhuru, nilikuwa na stashahada ya uhandisi wa joto, suti mbili, na kiberiti cha petroli kilichowaka hata kwenye upepo wa ziwa. Sisemi haya kwa majivuno. Basi, na iwe kwa majivuno kidogo. Nauli yangu haikutoka kwa mjomba wala kwa mheshimiwa yeyote. Niliichimba mwenyewe katika mashimo ya dhahabu ya Masara, na mgongo wangu haujasahau.

Chuoni tulifundishwa jambo ninalolipenda mpaka leo. Tulipewa hesabu za mita za gesi za mtaa mzima, nasi, bila kufungua mlango hata mmoja, tukasema nyumba ipi inapoteza joto. Nyumba mbili zikilingana kwa ukubwa na kwa watu, na moja ikala gesi zaidi, basi ina tundu mahali. Katika kutafuta matundu hayo hakuna mwenzangu aliyenifikia.

Nyumbani kwetu, upande wa Homa Bay, hapakuwa na mita wala gesi. Palikuwa na kuni, mafuta ya taa, na nyumba mbili: ya mama yangu, ambaye ndiye mikayi, yaani mke wa kwanza, na ya mama mdogo, mke wa pili wa baba. Zilijengwa na fundi mmoja, zikaezekwa kwa nyasi za bonde moja, na walaji walikuwa sawa. Mhandisi angeomba nini zaidi?

Niliazima mizani ya kuning'iniza kwa mchuuzi aliyetuletea omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay. Kila mzigo wa kuni ulipita kwenye ndoano yangu kabla ya kuvuka kizingiti. Mafuta ya taa niliyapima kwa chupa. Majirani walisimama wakauliza ni samaki gani huyo mwenye magome. Mama alikuwa akitua mzigo wake, ananingoja niusome, kisha anaingia nao. Majuma yalipopita, jibu likawa wazi: nyumba ya mama ilikula kuni karibu maradufu ya ile nyingine, na kwa mafuta pia iliizidi.

Nilitoa taarifa yangu mbele ya baba katika duol, kibanda chake kando ya zizi, mahali anapoota moto na wazee wenzake. Nadhani nilizungumza vizuri. Baba, aliyekuwa amechoka kuambiwa kila mara kwamba mafuta yamekwisha, akakata shauri palepale. Debe la mafuta, ambalo tangu zamani lilikaa kwa mama, lingehamia kwa mama mdogo siku ya soko. Mwenye kutaka mafuta angemwendea yeye na chupa yake.

Hapo ndipo nilipouona uso wa mama. Kwetu, mikayi aende na chupa kuomba mafuta kwa mke mdogo? Heri alale gizani. Mama mdogo aliinamisha kichwa kwa adabu, lakini mabega yake yalikuwa yakicheka.

Mama hakubisha. Alisema tu kwamba mwanawe amesoma, na aliyesoma husikilizwa. Kisha akaongeza, "Injinia amesema moto wangu ni mwingi. Kuanzia kesho nikishapika, nazima."

Akazima kweli. Asubuhi iliyofuata mama mdogo alikuja na kigae chake, kama alivyokuja kila asubuhi, kuchukua makaa ya kuwashia moto wake. Akakuta mafiga yamepoa. Mama akamwambia kwa upole, "Nenda kwa Injinia. Siku hizi mwenye moto ni yeye."

Nilikuwa nanyoa ndevu niliposikia hodi. Baada yake akaja jirani, naye na kigae. Akafuata baba mwenyewe, taulo begani, akiuliza maji yake ya kuoga, maana tangu nizaliwe yalichemshwa kwa mama. Wazee wa duol wakataka kujua habari za uji wao. Hata samaki wa mama mdogo, waliokaushwa juu ya mafiga ya mama kwa kuwa moshi wake haukatiki, walikuwa wameanza kutoa harufu. Wote walinitazama, nami nina povu shavuni. Kiberiti changu cha Ulaya kiliwasha nyumba tatu, kikaishiwa petroli.

Sasa, mtu asidhani kwamba stashahada ilishindwa. Joto huhesabiwa linapoingia na linapotoka. Hilo ni somo la kwanza kabisa. Ila Ulaya jirani haji kwako na kigae kuomba gesi, kwa hiyo kila kinachotoka ni tundu. Moto wa mikayi ni wa boma zima, na taa yake vilevile. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto wa kutumwa makaa, na ndiyo maana sikulihesabu, kama vile mtu asivyohesabu pumzi zake.

Kabla ya siku ya soko nilimwendea baba, nikamweleza kwamba ile ilikuwa sehemu ya kwanza tu ya taarifa, na uamuzi hutegemea ya pili. Baba alikuwa ametoka kuoga maji baridi, hivyo alisikiliza kuliko kawaida.

"Debe likae lilipo," alisema. "Na mwambie mama yako awashe moto."

Mama akawasha. Mama mdogo alipokuja na kigae, akamzuia mlangoni. "Ngoja, mke mwenzangu. Mwanangu apime kwanza."

"Apime na moshi," akasema mama mdogo, "usije ukapotea njiani."

Nikayatia makaa kwenye mkebe, nikauning'iniza kwenye ndoano. Makaa ni mzigo mgumu kusoma. Hupungua huku unayatazama. Nilitaja uzito wake kwa sauti ya mtaalamu, nao wakaitikia, "Ahsante, Injinia," kwa mpigo mmoja. Tangu baba aoe mara ya pili, sikuwahi kuwasikia wakisema neno moja kwa pamoja.