Hita ya Masika na Kinyago cha Mzee Nandonde

Picha tatu za hita ulizonitumia nimeziona, mwanangu, na kabla sijakwambia uchukue ipi ya kupambana na unyevu gereji kwako, nakumbuka masika moja kichwa changu kilipokuwa kigumu kuliko chako. Mie sio mzee, mvi sina, ila kuungua nimeungua.

Karakana yangu ilikuwa gereji ya nyumba ya mama, Gongo la Mboto. Gari hatujawahi kuwa nalo, gereji ilijengwa kwa matumaini tu, basi nikaweka meza na msumeno. Useremala nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu. Jirani yetu Mzee Nandonde, Mmakonde wa Newala, alikuwaga anapita asubuhi, nampa shikamoo, anapitisha kidole gumba kwenye kazi yangu na kuniambia wapi nimekosea. Alichonga kwenye soko la vinyago la Mwenge miaka yote mpaka macho yakaingia ukungu. Mtu akimsema vibaya yule mzee mbele yangu, tunagombana palepale.

Mwaka ule alikuwa anachonga kinyago chake cha mwisho, cha mpingo: marehemu mkewe, Bibi Anastazia, amejitwika mtungi. Alisema macho yakizima kabisa, mikono itabaki na pa kumwona. Kibanda chake kikaanza kuvuja, akaniletea kinyago nikitunze gereji, kimefukiwa kwenye gunia la maranda kikauke taratibu kabla ya kukimalizia, kama wachongaji wanavyofanya. Ni miezi hiyo, mwanangu, sio siku.

Mie nikaona anachelewa. Kila akija, anapapasa mlango zaidi. Roho ikaniuma, nikaenda mjini kununua hita. Dada wa dukani akaniuliza chumba kina ukubwa gani, nyaya za nyumba zikoje, na nakausha nini. Nikamjibu kwa jeuri kwamba nimekuja kununua, sijaja kufanya mtihani. Alikuwa na moja ndogo ya mafuta, inapasha polepole kama bibi anayeota jua. Nikaidharau. Nikabeba ya feni, kubwa kuliko zote, inanguruma.

Nikakitoa kinyago kwenye maranda, nikakielekezea ule upepo wa moto, nikaenda kula. Narudi, nasikia ta. Ufa umeanzia kwenye mtungi, umeshuka shavuni mpaka shingoni. Na soketi inanuka plastiki iliyoungua.

Hilo ni kosa la kwanza, na lingesameheka. La pili ndio linanikera hadi leo. Nilichukua unga wa mpingo, nikachanganya na gundi, nikaziba, nikapaka kiwi nyeusi ya viatu, nikasugua mpaka pakang'aa. Hiyo ni janja ya kumuuzia mtalii mwenye haraka, mie nikamfanyia mzee wangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mie niliziba, na ukuta nikaujenga kati yangu na yeye.

Jumapili akaja katoka misa. Akakaa kwenye kigoda, akapitisha kidole gumba kwa mkewe, kuanzia mtungini. Kufika shavuni kikasimama. Kikarudi juu. Mvua inapiga bati.

"Mti umeshaniambia," akasema. "Nakusubiri wewe, mjukuu wangu."

Nikasema yote, hadi nilivyomjibu yule dada. Nililia, sikufichi. Nilitaka anitukane nipumue. Akauliza tu, "Haraka ilikuwa ya nani?"

Nikasema ya kwake, kwamba niliogopa macho yatazima hajammaliza.

"Nani kakwambia nataka kummaliza?" akasema. "Nikimmaliza, asubuhi naamkia nini?"

Akaomba kijiti, akaichokonoa ile dawa yangu yote mpaka ufa ukabaki wazi, akasema Anastazia hakuwahi kujipaka poda. Kisha akamrudisha kwenye maranda. Leo mzee haoni kabisa. Nikienda kumsalimia namkuta na kinyago mapajani, kidole gumba kiko kwenye ufa.

Sasa mwanangu, chukua ile ndogo ya mafuta, picha ya pili. Pasha chumba, usipashe kazi. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani, fundi umeme akishaikagua, sio kwenye ekstensheni yenye mashine nyingine. Ukipaka vanishi, izime hita ipoe kwanza, ufungue mlango. Ule mvuke ukikutana na moto, gereji huna. Gundi ikigoma kukauka kwa mvua, iache hadi kesho, mteja anywe chai. Mpingo usiusogeze karibu na hita hata kidogo. Wanasema haraka haina baraka. Haraka ya kumsaidia mtu ambaye hujamuuliza ndio mbaya zaidi. Na ukiharibu, maana utaharibu tu, kaseme kabla kidole cha mwenye kazi hakijafika. Mficha uchi hazai.

Mungu aishike mikono yako isitetemeke, bati lako lisivuje, na akupe mtu wa kupitisha gumba kwenye kazi yako na kukwambia ukweli. Ukimpata, msubiri kwa mwendo wake.