Siku Lango Langu Lilipolivua Lori Turubai

Nimeuza dizeli kwa madumu, nimebadilisha pesa mpakani Busia, nimenunua lori bovu Nambale nikaliuza likiwa zima, na hii yadi ya kulaza malori hapa Malaba nimeijenga mwenyewe na darasa la sita langu, kwa hivyo nilikuwa nawaambia watu wazi kwamba hakuna kitu cha kunishangaza. Nilisema hivyo hata asubuhi ile. Aibu haikungoja chakula cha mchana, na kwa vile mji mzima unaisimulia vibaya (wengine wanasema nililia, sikulia), acha niisimulie mwenyewe.

Lango langu linafunguka lenyewe, wakati wenzangu bado wanavuta kamba. Lori likifika, sensa, yaani jicho la umeme, inaliona, mkono wa chuma unapanda, likishapita unashuka. Programu yake aliniandikia Nafula, fundi wa kompyuta aliye Kisumu, na kabla ya kuiweka langoni aliijaribu kwanza kwenye simuleta, yaani lango la mfano ndani ya kompyuta, lenye mota ya uongo na malori ya uongo. Halafu kuna kitu kinaitwa dibaga. Hicho unakiunganisha ukiwa mbali, kinaingia ndani ya programu ikiwa inakimbia, unaisimamisha katikati, unaona kila inachowaza, kisha unaiachilia iendelee. Nafula akiwa Kisumu alikuwa anaisimamisha programu iliyo ofisini kwangu kama vile askari anavyosimamisha gari, nikamwambia anifundishe na mimi.

Akanifundisha, akaniachia mistari miwili kwenye skrini. "Boss, mstari wa juu ni simuleta, cheza nao unavyotaka. Wa chini ni lango lenyewe. Huo usiguse mpaka unipigie."

Nikasema nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa.

Sasa akaja Mama Apio kutoka Tororo, mwenye malori saba yanayotafuta pa kulala, na jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mwenye yadi naye, alikuwa ameshamnywesha chai. Nikaona huyu haendi popote kabla hajaona dibaga. Nikamkalisha ofisini, nikafunga mapazia ili televisheni kubwa ionekane vizuri, nikaunganisha simuleta. Ila simuleta ni nzito, maana kompyuta inaigiza kila kitu, na lango la uongo lilipanda polepole mpaka mama akapiga miayo.

"Mzee, hii lango yako imelala njaa?"

Neno hilo liliniuma. Nikaukumbuka ule mstari wa chini. Lango ni langu, nikajiambia, nikilisimamisha kidogo mkono utaganda hewani kama kwenye simuleta, shida iko wapi? Nafula sikumpigia. Mwenye yadi aombe ruhusa kwa simu mbele ya mteja? Nikaunganisha. Hapo mambo yakawa ya haraka, namba zinakimbia, nikaona kwenye skrini mkono umeanza kushuka, nikabonyeza simama.

"Unaona, mama? Imeganda. Hakuna kinachoenda bila neno langu."

Nje honi ikalia, ndefu.

"Hiyo ni nini?"

"Madereva wa Malaba hao, wanapigia honi hata kivuli."

Simu yangu ikaita, mzee Barasa, mlinzi wa langoni. Nikaikata. Akapiga tena, nikaikata tena, nikamweleza mama kwamba wafanyakazi ukiwazoesha simu hutapumzika.

Kitu ambacho sikujua ni hiki: kwenye simuleta ukisimamisha programu, na mota ya uongo inasimama nayo. Kwenye lango la kweli programu inalala, lakini mota haina habari, inaendelea na kazi iliyoachiwa, na anayepaswa kuangalia kama kuna lori chini ndiye huyo huyo uliyemlaza. Basi mkono ulikuwa umeshuka juu ya lori, ukaingia chini ya kamba za turubai. Mimi nikabonyeza endelea. Programu ikaamka, ikaona lori, ikaupandisha mkono mbio, na mimi kwa furaha nikaisimamisha tena ili mama aone vizuri. Mkono ukaendelea kupanda. Tukasikia kitu kikichanika, taratibu, kwa muda mrefu.

Mama Apio akainuka akafungua pazia. Turubai la bluu lilikuwa juu ya mkono wa lango langu likipepea kama bendera, magunia ya mahindi yako uchi, mzee Barasa ananing'inia kwenye pembe moja akilivuta, foleni ya malori imefika barabarani, na vijana wa bodaboda wameinua simu wanarekodi. Lori lilikuwa la kwake, mojawapo ya yale saba.

"Boss," mama akasema bila kugeuka, "na hiyo nayo ni simuleta?"

Nikampigia Nafula, nikamweleza.

"Si nilisema unipigie kwanza?"

"Si ndiyo nakupigia."

"Toa dibaga, boss. Halafu toa mkono wako kwa kompyuta."

Nikatoa vyote viwili. Mkono wa lango ukatulia. Nikakaa nikingoja mama avuke barabara aende kwa jirani.

"Ningeenda," akasema, "lakini kule matope yanameza tairi. Malori yangu yatalala hapa. Mwezi wa kwanza silipi, turubai unanunua, na lango hii anavuta huyu mzee wa langoni kwa kamba."

Kwa hivyo msiseme nilishindwa, malori saba ninayo mpaka leo. Lakini mstari wa chini siugusi tena kabla Nafula hajapokea simu, hata aje waziri. Mwezi mzima wa malori saba bila malipo, turubai jipya, na soda za madereva waliokwama nje: shilingi elfu sabini na mbili, mia tatu na arobaini.